Amana: shajara ya kupanga filamu kwa tulivyonavyo, Tanga

Jumapili, 11 Mei 2025

Leo nimeutia muswada wa kwanza ndani ya bahasha na kuupandisha juu ya kabati. Una sini, yaani matukio ya kupigwa picha, 47 katika sehemu 19: hospitali, kituo cha polisi, stendi ya mabasi usiku, harusi ya watu mia mbili. Nimekaa nao miezi saba na bado naupenda. Jana tuliketi watatu, mimi, mpiga picha na dada wa sauti, tukapigia hesabu sini moja baada ya nyingine. Hatujafika katikati tukawa tumevuka milioni 14. Tulizonazo ni shilingi 2,600,000: akiba yangu, mchango wa kaka, na fedha ya kamera yangu ya zamani niliyoiuza.

Tulijaribu kupunguza. Tukatoa harusi, tukatoa polisi, stendi tukaigeuza mchana. Kilichobaki ni hadithi ileile yenye matundu, na mtazamaji angeyaona yote. Filamu za namna hiyo nimeziona nyingi: hospitali ni chumba cha jirani, shuka jeupe limetandikwa, dripu imetundikwa kwenye msumari. Waigizaji wanajitoa kwa moyo wote na chumba kinawaangusha. Inaniuma kila nikiona, kwa sababu najua waliolala njaa kuikamilisha.

Basi tunaanzia upande wa pili. Kwanza tuandike tulivyonavyo, kisha tutafute hadithi inayokaa humo. Wengine wamepita njia hii. Mwongozaji wa Kimarekani Robert Rodriguez alitengeneza filamu yake ndefu ya kwanza, El Mariachi, kwa dola 7,000 hivi, ikatoka mwaka 1992, na alianza kwa kuhesabu alichokuwa nacho yeye na rafiki yake katika mji mdogo wa Acuña, Mexico: mbwa, basi, baa mbili, shamba la mifugo. Sisi hatuna baa wala ranchi. Tuna mitaa ya Ngamiani na bahari.

Jumapili, 18 Mei

Siku ya orodha. Kila mtu alikuja na daftari. Niliweka sharti moja: kitu kisiandikwe mpaka mwenyewe tuweze kumfikia leoleo kwa miguu au kwa baiskeli, na awe ametujibu ndiyo kwa kinywa chake. Sharti hilo lilifuta zaidi ya nusu ya daftari langu. Ghorofa la rafiki wa kaka lilitoka, maana mwenyewe yuko Muscat. Lori la mkonge lilitoka. Gari la shemeji lilitoka, kwa sababu shemeji alisema "tutaona", na "tutaona" si ndiyo.

Vilivyobaki vilienea ukurasa mmoja. Kijiwe cha baba mdogo cha kutengeneza baiskeli, chini ya mwarobaini, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani. Nyumba ya mama mkubwa, ya Kiswahili ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, ua nyuma. Pwani ya Sahare, ambako binamu yangu anapaki ngalawa. Kibaraza cha fundi cherehani mmoja ambaye nitamweleza baadaye. Na baiskeli. Baiskeli hazihitaji kutafutwa Tanga. Mji huu mama mwenye baibui anapanda baiskeli kwenda sokoni na hakuna anayegeuka kumtazama. Mgeni huona ajabu. Sisi tumezoea hata tukasahau kwamba ni picha nzuri.

Vifaa: kamera ya mpiga picha anayoendea harusini, lenzi mbili, stendi moja, kinasa sauti cha dada wa sauti na maikrofoni yake, taa mbili za betri. Mti wa maikrofoni ni ufito wa mwanzi. Kirudishio cha mwanga ni kipande cha silingibodi nyeupe, na kinarudisha mwanga laini kabisa.

Watu wametusumbua zaidi ya vitu. Niliandika majina kumi na sita, na mbele ya kila jina siku anayopatikana. Hapo ndipo nilipogundua kwamba karibu wote wanapatikana Jumamosi na Jumapili, isipokuwa mpiga picha, ambaye Jumamosi ndiyo siku yake ya kula. Kuanzia saa tisa alasiri yuko ukumbini kwenye harusi. Nimelizungushia duara jekundu.

Jumamosi, 24 Mei

Hadithi imepatikana, na sikuitunga mimi.

Nilikwenda kijiweni kwa baba mdogo bila kamera, kukaa tu. Masika bado haijaisha, mwarobaini ulikuwa unadondosha maji, amefunga turubai kwa kamba. Nilimtazama akiziba pancha. Anaingiza tyubu kwenye karai la maji na kuipitisha mkononi polepole, mpaka povu dogo litoke, tobo linajisema lenyewe. Anaweka alama kwa njiti. Anakausha kwa kitambaa, anasugua kwa msasa, anapaka solusheni. Halafu anaacha. Hapo hakuna haraka: ukibandika kiraka solusheni ikiwa mbichi hakishiki. Anapuliza kidogo, anaweka tyubu pajani, anaongea na mteja. Dakika tatu, nne. Kisha kiraka, kisha nyundo.

Nikasema moyoni, urefu wa sini ndio huo. Watu wawili wanalazimika kukaa pamoja mpaka solusheni ikauke. Wakiwa na neno la kuambizana, ni sasa.

Ndipo nikainua macho. Juu, kwenye tawi, imetundikwa baiskeli nyeusi ya kike, Phoenix namba 28, tairi zimeng'olewa, usukani umefungwa kitambaa cha khanga kilichopauka. Nikamuuliza ya nani. Akasema mwenyewe aliileta kubadilisha spoku, akalipa nusu, hakurudi. Lini? "Wewe ulikuwa bado unasoma Usagara." Miaka kumi na zaidi. Nikamuuliza kwa nini hajaiuza, maana vipuri vyake tu vingempa fedha. Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Hiyo si yangu, mwanangu. Hiyo ni amana."

Nilirudi nyumbani nikaandika mpaka alfajiri. Mvulana wa miaka 11 anaitamani baiskeli iliyotundikwa kwenye mwarobaini. Fundi hauzi. Mvulana anaamua kumtafuta mwenyewe ili amwombe. Anampata: ni mama anayechokoa pweza Sahare, aliyeileta baiskeli wiki moja kabla mumewe hajaenda baharini na asirudi, na tangu siku hiyo barabara ile hapiti. Basi. Sini 22, sehemu nne, zote zimo katika ukurasa wetu mmoja. Jina la kazi ni Amana.

Jumapili, 15 Juni

Wahusika. Fundi nilimpangia mwalimu wa sekondari ambaye ameigiza jukwaani miaka mingi, sauti yake nzuri, uso unaosomeka. Juzi tulimweka kijiweni kwa majaribio. Alikariri kila neno. Lakini alipochukua spana, kila mtu pale kijiweni alijua. Mikono yake ni ya kalamu. Fundi halisi hatazami spana anapoichukua, mkono unajua ilipo. Anaposokota spoku anasikiliza: anaigonga kwa kucha, iliyolegea inalia tofauti na iliyokaza. Hayo hayafundishiki kwa wiki nane.

Nikamgeukia baba mdogo. Akakataa kabla sijamaliza. "Mimi siigizi. Mimi nafanya kazi. Ukitaka kunipiga picha niko kazini, kaa hapo upige."

Nimelala nalo siku mbili, na jibu lake ndilo nimelichukua kama lilivyo. Fundi atakuwa yeye, na muswada umebadilika kumfuata. Maneno ya fundi yalikuwa 31, sasa ni manane, na yote ni maneno ambayo nimemsikia akiwaambia wateja. Kila sini yake ina kazi ya kweli ya kumaliza: pancha, breki, ringi iliyopinda. Tutamletea baiskeli mbovu kweli. Mwalimu tumempa nafasi ya baba wa mvulana, mpangaji katika nyumba ya mama mkubwa, na amepokea kwa moyo mweupe. Namheshimu kwa hilo.

Mchokoa pweza ataigizwa na fundi cherehani wetu. Huyu dada alisoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo kabla hakijaitwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kisha maisha yakamweka kwenye mashine. Nilimwomba asome ukurasa mmoja kibarazani, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Alipofika pale mama anaposikia kwamba baiskeli bado ipo, mguu ulisimama wenyewe. Sikumwambia. Sini ya cherehani imeingia kwenye muswada hapohapo.

Baiskeli iliyotundikwa hatuitumii. Nilidhani hilo ndilo lililo rahisi kuliko yote, kumbe baba mdogo hataki ishushwe. Mwenyewe hajaruhusu. Tumeazima nyingine ya namna ileile, na tutafunga khanga yetu. Ile halisi itaonekana nyuma kwa mbali, mahali pake.

Jumamosi, 28 Juni

Pwani. Siku ya mafunzo makubwa kuliko zote mpaka sasa.

Mwisho wa muswada ulikuwa hivi: jua linazama, maji yamekauka hadi mbali, mvulana anakokota baiskeli kwenye mchanga mtupu kuelekea kwa mama aliye kivuli peke yake. Nimeiona picha hiyo kichwani tangu Mei. Tukafika Sahare saa kumi na moja jioni, watatu na kamera, mwezi mwandamo una siku tatu, nikijua kwamba ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukauka kuliko kawaida. Bahari ilikuwa imejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Hakuna mchanga hata wa kutandika mkeka. Na jua, ambalo nilitaka lizame baharini, lilizama mgongoni kwetu, upande wa mji, kama linavyozama kila siku. Pwani yetu inatazama mashariki. Nimezaliwa hapa.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa anafunga mchokoo wake, fimbo ya kuchokolea pweza, na kapu. Tulimwamkia, tukamweleza. Akatufahamisha kwa utulivu, kama anayefundisha mtoto njia ya kwenda kisimani. Bamvua hapa hukauka saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Jioni ya bamvua maji huwa juu. Ukitaka maji yakauke magharibi, hayo ni maji mafu, na maji mafu hayaendi mbali, yanaishia pale kwenye majani.

Nilipofika nyumbani nikaandika hesabu yake ili nielewe. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, yaani kila baada ya wiki mbili, na katika wiki mbili ule uchelewaji unazunguka na kurudi palepale. Ndiyo maana saa ya bamvua haibadiliki: kwetu daima maji makavu kabisa ni kuzunguka saa nne. Mchanga mtupu na jua la machweo havikutani Tanga, mwezi huu wala mwaka ujao. Ningeweza kupanga siku thelathini na nisipate picha ile.

Nilihuzunika usiku ule. Picha uliyoilea kichwani ikifa inaacha pengo.

Jumamosi, 12 Julai

Tumerudi Sahare, mwezi umepevuka juzi. Tulikuwa pwani saa mbili asubuhi. Maji yakaanza kutuacha, na saa tatu na nusu sakafu ya bahari ilikuwa wazi mbele yetu: mchanga uliokunjwakunjwa, majani, vidimbwi, miamba myeusi, na kina mama zaidi ya ishirini wameinama, kila mmoja na mchokoo wake. Jua liko upande wa bahari, bado halijapanda sana, kila kidimbwi kinawaka. Mpiga picha hakusema neno muda mrefu, kisha akasema, "Hii ndiyo."

Na kuna jambo ambalo machweo yangu hayakuwa nalo. Kina mama wale hawana muda. Maji yakigeuka yanarudi kwa kasi, na wanajua kila dakika iliyobaki. Mama wa filamu yetu hawezi kusimama kumsikiliza mvulana. Anachokoa huku anasikiliza, anasogea, mvulana anamfuata na baiskeli mchangani, na bahari inarudi. Sini ile iliyokuwa ya huzuni tuli imepata saa ndani yake.

Mambo mengine tuliyoyaandika palepale. Upepo wa kusi hata asubuhi unaingia kwenye maikrofoni, kwa hiyo maneno 14 ya pwani yamekuwa mawili, na fundi cherehani atashona kifuniko cha maikrofoni kwa kipande cha zulia la manyoya. Kila mtu avae viatu, mwamba unakata. Mchanga mbichi unashika alama: gurudumu likipita mara moja, mstari ule haufutiki mpaka maji yarudi. Tutahitaji njia tano zilizopangwa tangu kaskazini hadi kusini, teki moja, yaani kupiga mara moja tu, kila njia, na kikundi chote kitembee nyuma ya kamera. Mmoja akikatiza mbele ameua njia.

Jumapili, 20 Julai

Ratiba. Nimeitengeneza kwa vijikaratasi sakafuni kwa mama mkubwa, na kila nilipopanga kimoja kingine kilianguka.

Wapangaji kwanza. Ukumbi wa nyumba ni wa wote, kwa hiyo nilipita mlango kwa mlango kuomba. Wote wamekubali. Lakini mpangaji wa chumba cha pili ni mlinzi wa usiku. Anarudi saa moja asubuhi, analala mpaka saa nane mchana. Siwezi kumwamsha mtu anayefanya kazi usiku ili nipige filamu, hata akiniruhusu. Kwa hiyo sini za ukumbi ni alasiri tu. Jumamosi alasiri mpiga picha yuko harusini. Basi ukumbi ni Jumapili alasiri, hakuna nafasi nyingine. Tukaenda kuangalia mwanga wa saa hiyo kwa hofu, na tumepata zawadi: mlango wa mbele unatazama magharibi. Saa kumi jua linaingia ukumbini hadi mlango wa chumba cha tatu, linalala sakafuni kama mkeka, na milango ya pembeni inabaki gizani. Taa hatuwashi hata moja.

Kijiweni tatizo ni kelele. Jirani ni mafundi wa kuchomelea vyuma. Jumapili hawafungui. Bodaboda tutazivumilia, ni sauti za pale. Adhana nimeamua tusishindane nayo: ikianza tunasimama, na siku moja tutairekodi yote kwa ukamilifu ili mhariri aiweke mahali pake. Kati ya saa sita na saa tisa hatupigi nje kabisa. Jua linakaa utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Ni saa za kuswali, kula na kupumzisha mtoto.

Sasa bahari. Mwezi unapevuka Jumamosi tarehe 9 Agosti, na Ijumaa tarehe 8 ni Nane Nane, sikukuu. Nilipoviona vijikaratasi hivyo viwili vimekaa pamoja nilisimama. Mwalimu yuko huru, mvulana hana shule, dada wa sauti hana zamu, na maji yanakauka kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu kwa siku zote tatu. Ijumaa: pwani asubuhi, halafu Swala, halafu kijiwe kuanzia saa kumi. Jumamosi: pwani tena, saa nane mpiga picha anaondoka. Jumapili: kijiwe asubuhi, ukumbi alasiri. Wiki inayofuata, tarehe 16 asubuhi ni cherehani, tarehe 17 ni kijiwe na ukumbi. Siku ya sita ni Jumamosi ya tarehe 23, akiba. Sikuiweka hapo kwa kubahatisha. Siku hiyo mwezi unaandama, bamvua ya pili. Mvua za mchoo zikituharibia pwani tarehe 8 na 9, bahari itatufungulia tena.

Siku sita kwa filamu ya dakika 40. Ni kidogo, lakini hakuna saa hata moja ya kuhama kwa gari. Kutoka kijiweni hadi nyumbani kwa mama mkubwa ni hatua mia mbili.

Jumapili, 27 Julai

Fedha na karatasi.

Tuko watu 11, ukimhesabu mama wa mvulana, ambaye atakuwa naye kila dakika, mama mkubwa anayepika, na dereva wa bajaji. Posho ni 20,000 kwa mtu kwa siku: 1,320,000. Chakula 5,000 kwa kichwa: 330,000. Diski mbili za kuhifadhia picha, moja nyumbani kwangu na moja kwa dada wa sauti, 360,000. Nauli na mafuta 150,000. Solusheni, viraka, khanga, betri na vingine 120,000. Jumla 2,280,000, zinabaki 320,000 za vibali na dharura.

Wawili wameniambia posho ni kubwa, tuwaambie watu watalipwa filamu ikiuzwa. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Niliwahi kufanya kazi siku 19 kwenye filamu ya mtu kwa ahadi hiyohiyo. Filamu iliuzwa. Mimi na wenzangu hatukuona shilingi, na mmoja wetu alikuwa ameacha kibarua chake. Elfu ishirini si mshahara wa mtu mwenye ujuzi, nalijua hilo, lakini inatoka jioni ileile mkononi. Mpiga picha, ambaye anastahili zaidi, nitamlipia tofauti kwa kumhaririria harusi mbili. Tumeandikiana.

Vibali: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga, na muswada unasomwa. Tulipeleka maombi Bodi ya Filamu mwezi Juni, mara tu sini 22 zilipotulia, na kibali kimetoka. Kwa anayepanga, nasema wazi: hadithi fupi iliyotulia inapita haraka kuliko ile inayobadilishwa kila wiki. Ofisi ya serikali ya mtaa tumepeleka barua na tumekaa na mwenyekiti. Yeye ndiye atakayewaambia vijana wasituzingire.

Muziki. Nilitaka redio ya kijiweni ipige taarabu ya zamani, maana Tanga ndiyo ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na baba mdogo anazisikiliza kila siku. Lakini wimbo una wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiangalii kwamba bajeti yako ni ndogo. Filamu inayoitwa Amana haiwezi kuchukua cha mtu bila idhini. Fundi cherehani ana mashairi yake mwenyewe aliyoyatunga, ataimba taratibu akishona. Redio itakuwa imezimwa.

Jumapili, 3 Agosti

Majaribio kamili kijiweni, bila kamera kuwaka. Mvulana na baba mdogo walikaa na tyubu. Nilikuwa nimewaandikia maneno sita kwa ule muda wa solusheni. Baba mdogo akapaka, akaweka pajani, akanyamaza. Mvulana akasubiri neno lake lije. Halikuja. Akatazama juu kwenye baiskeli, akamtazama mzee, akatazama chini kwenye tyubu. Baba mdogo akagusa solusheni kwa kidole cha shahada na kusema, "Bado." Nimefuta maneno matano. Limebaki hilo moja.

Nywele za mvulana: shuleni wanakagua Jumatatu, lazima zinyolewe. Tusipoangalia atakuwa na nywele tofauti kila siku ya picha. Tumekubaliana na mama yake anyolewe kila Alhamisi, kinyozi yuleyule, wembe namba ileile. Shati lake tumenunua mawili yanayofanana, moja tumelifua mara nane na majivu ili lipauke kama shati lake la nyumbani.

Baba mdogo anauliza habari ya chumvi. Baiskeli ikitoka baharini ioshwe kwa maji baridi saa ileile, ifutwe, cheni ipakwe mafuta, kila siku. Nimemkabidhi mdogo wangu kazi hiyo na nimeiandika kwenye ratiba kama sini.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa kumi na moja alfajiri mama mkubwa alikuwa ameshapika. Chapati, maharage ya nazi, chai katika chupa mbili. Bajaji ilibeba kamera na wazee, sisi wengine tulikwenda kwa baiskeli, gizani, mwezi mkubwa ukishuka upande wa mji.

Saa tatu sakafu ilikuwa wazi. Kina mama walikuwa wametutangulia. Yule aliyetufundisha saa za maji alikuwapo, na nilimwomba akae karibu na kamera atuambie maji yakigeuka. Njia ya kwanza, upepo ukaingia. Njia ya pili, mvulana alitazama kamera. Njia ya tatu alikokota baiskeli na gurudumu la mbele likazama kwenye kidimbwi. Hakulipanga, wala sisi hatukulipanga. Akaliinua kwa mikono miwili, akaendelea, na nyuma yake mstari wa tairi ukawa unajaa maji taratibu mpaka ukang'aa wote. Fundi cherehani hakuinuka. Aliendelea kuchokoa, ameshamwona.

Tulipiga njia ya nne kwa usalama. Ya tano hatukuifikia. Yule mama alinyoosha mchokoo kuelekea baharini na kusema, "Yamegeuka," tukabeba vitu.

Mdogo wangu anaosha baiskeli uani. Saa kumi tunaanza kijiweni.